Umbali wa nyota unapimwaje, na hizo nyota za nyuma nazo si zinasogea?

Kijana mmoja wa Lamu anayefanya kazi na masovea, wanapima ploti huko Mokowe na Hindi, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Sisi kazini tukitaka umbali wa kitu ambacho hatuwezi kukifikia, tuseme kiko ng'ambo ya mkono wa bahari, tunapima laini moja huku kwetu, tunasoma pembe mbili, tunapiga hesabu, basi. Nimesoma ati nyota nazo zinapimwa hivo hivo, mnaangalia imesogea kiasi gani mbele ya nyota zilizo nyuma yake. Sasa hiyo laini ya kutosha nyota mnaitoa wapi? Na hizo nyota za nyuma nani amezipigia bikoni? Si nazo ni nyota tu, zinasogea vile vile? Na mtu wa kawaida kama mimi anaweza kupima chochote?"

Marahaba mwanangu. Nimelipenda swali lako sana, hasa hilo la bikoni, zile alama zisizohama ambazo sovea hupimia kutoka kwake, manake watu wengi wanaelezwa paralaksi wanatikisa kichwa wanaondoka na hilo hawaliulizi, na ndilo gumu kuliko yote. Pembetatu yenyewe ni ile ile yako ya kazini, hakuna siri.

Tuanze na hapo ulipo. Jioni simama ukingoni mwa bahari pale mjini, chagua jahazi moja lililotia nanga katikati ya mkondo, tazama mlingoti wake umeangukia mkoko gani upande wa Manda. Alafu tembea hatua mia hivi kuelekea Shela, geuka utazame tena. Mlingoti umehama, umeangukia mkoko mwengine kabisa, umerudi kinyume na unakokwenda wewe, na jahazi halijaenda popote. Jahazi lililo karibu zaidi na wewe litahama zaidi, la mbali litahama kidogo. Hiyo ndiyo paralaksi, imekwisha. Lakini chagua wakati maji yamesimama, kwa sababu maji yakianza kutoka jahazi linajigeuza juu ya nanga yake na mlingoti unahama wenyewe, sasa utajuaje ni wewe umehama au ni chombo? Hilo liweke akilini, tutalirudia, manake ndilo swali lako la pili.

Laini yetu tunaitoa kwa dunia yenyewe. Dunia inazunguka jua kwa umbali wa kilomita milioni 149.6, kwa hivyo mahali tulipo leo na mahali tutakapokuwa miezi sita ijayo pana kama kilomita milioni 300 katikati, na hatukutembea hata hatua moja, tumekaa kitako tumengoja. Unapima nyota yako Januari, unaipima tena Julai, unaona imehama kiasi gani. Nusu ya huko kuhama ndiyo tunaiita paralaksi ya nyota, nusu kwa sababu hesabu tunaishika kutoka kwenye jua, si kutoka ukingo mmoja wa mzunguko hadi wa pili.

Utauliza mbona tusitumie watu wawili tu, mmoja Lamu mmoja Marekani, wapime usiku mmoja wamalize. Kwa vitu vya karibu inafaa na imefanywa zamani. Mwaka 1672 mtaalamu wa nyota Cassini alikuwa Paris na mwenzake Richer akapelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, wakaipima Mirihi pamoja, na kutoka hapo wakapata jua liko karibu kilomita milioni 140, si mbali na ukweli hata kidogo kwa vyombo vya siku zile. Lakini kwa nyota dunia nzima ni nyembamba mno, kilomita elfu 12 na mia saba hivi, yaani laini fupi mara elfu 23 kuliko ile ya miezi sita. Wewe sovea unajua laini fupi kwa kitu cha mbali inakupa nini, inakupa pembe ambayo chombo hakiioni.

Na hata hiyo laini ya milioni 300 bado pembe inayotoka ni ndogo kupita kiasi. Digrii moja igawe dakika 60, kila dakika igawe sekunde 60, hizi za pembe si za saa. Hakuna nyota yoyote, hata moja, ambayo paralaksi yake inafika sekunde moja kamili. Iliyo karibu kuliko zote baada ya jua ni Proxima Centauri, na paralaksi yake ni sekunde 0.768. Ukitaka kuiona pembe hiyo, mtu akuwekee kitu cha upana wa sentimita moja kule Shela, nawe ukitazame kutoka Lamu mjini. Hiyo ndiyo jirani yetu! Nyengine zote ni ndogo kuliko hapo. Hesabu ni rahisi kuliko ya kwenu: moja gawanya kwa paralaksi inakupa umbali kwa kipimo kinachoitwa parseki, kila parseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Kwa hivyo moja kwa 0.768 ni parseki 1.30, zidisha, unapata miaka ya nuru 4.24. Nuru iliyotoka huko leo itatufikia baada ya miaka minne na ushei.

Proxima huwezi kuiona kwa macho, ni hafifu, lakini dada zake wawili, Alpha Centauri, unawaona vizuri sana kutoka Lamu msimu wa kusi, usiku wa mwezi wa sita tazama kusini, kando ya Msalaba, ile nyota kali zaidi. Kwa macho ni moja, kwa darubini ni mbili.

Udogo huu wa pembe ndio uliowachelewesha watu. Tycho Brahe, mpimaji hodari kuliko wote kabla ya darubini, alisema kama dunia inazunguka jua basi nyota zingeonekana kuhama mwaka hadi mwaka, mimi sizioni zikihama, basi dunia haizunguki. Mimi simlaumu, hoja ilikuwa safi kabisa, tatizo vyombo vyake vilikuwa vinasoma mpaka dakika moja hivi ya pembe na hakuna aliyekuwa anaweza kuamini nyota ziko mbali kiasi kile. Katika miaka ya 1720 huko Uingereza James Bradley akaifuata nyota moja inayoitwa Gamma Draconis akitafuta paralaksi, na kweli akaiona inahama, kama sekunde 20 huku na 20 huku, kila mwaka inarudi. Lakini ilikuwa inahama kwa tarehe zisizo zake! Pale ambapo paralaksi ingeifikisha mwisho wa safari yake ndipo ilikuwa katikati, imepishana miezi mitatu. Kumbe alichokiona ni mwendo wa dunia ukiipinda njia ya nuru inapoingia kwenye darubini, jambo jengine kabisa, na nyota zote za upande ule wa mbingu zinapindwa kiasi kile kile ziwe za karibu ziwe za mbali. Nakueleza hili la Bradley kwa sababu jibu lako la bikoni limelala humo ndani, shika hapo kwenye tarehe.

Aliyefaulu kwanza kutangaza umbali unaoaminika ni Friedrich Bessel, mwaka 1838, kwa nyota ndogo inayoitwa 61 Cygni. Hakuchagua nyota kali, alichagua nyota yenye kukimbia, manake 61 Cygni inakwenda mbinguni zaidi ya sekunde 5 kila mwaka na akasema kinachoonekana kukimbia hivi lazima kiko karibu. Akapata paralaksi ya sekunde 0.31, leo tunasema 0.286, miaka ya nuru 11 na kitu. Lakini kuna Mskoti mmoja, Thomas Henderson, aliyekuwa Cape Town, huku huku Afrika yetu, ambaye alipima Alpha Centauri mwaka 1832 na 1833, kabla ya Bessel kuanza kazi ile, na hesabu hakuitoa mpaka mwanzo wa 1839. Namba yake ilikuwa kubwa kuliko ukweli lakini paralaksi ilikuwa imo mle kwenye daftari zake miaka yote hiyo. Kila nikifundisha nasema kwa sauti kubwa kwamba nyota ya karibu kuliko zote tunazoziona kwa macho ilipimwa mara ya kwanza kutoka ardhi ya Afrika, vijana wetu walijue hilo.

Haya, sasa bikoni.

Uko sawa, nyota za nyuma nazo ni nyota, nazo zina paralaksi yao na kila moja ina mwendo wake. Zamani walichagua nyota hafifu wakadhani hafifu maana yake mbali, na mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara, kuna nyota hafifu kwa sababu ni ndogo tu na iko hapa jirani. Ukipima kwa nyota za nyuma ambazo nazo zinahama kidogo, unachopata ni tofauti kati yao, si paralaksi yenyewe, na namba yako inakuwa ndogo kuliko inavyotakiwa. Basi wakawa wanaongeza kidogo kwa makadirio. Sovea mwenye kazi yake hawezi kulala na makadirio kama hayo.

Kitu cha kwanza kinachotuokoa ni tarehe. Mwendo wa nyota yenyewe ni kama jahazi lililong'oa nanga, linakwenda moja kwa moja halirudi. Paralaksi inarudi, kila mwaka kamili, kwa sababu si mwendo wa nyota, ni mwendo wetu sisi. Na si kurudi tu: kwa nyota iliyo mahali fulani mbinguni najua kabla sijaitazama kwamba tarehe fulani itakuwa imefika mwisho wa upande huu na tarehe fulani mwisho wa upande ule, na najua umbo la njia yake, zilizo karibu na njia ya jua zinakwenda na kurudi kwenye mstari, zilizo mbali na njia hiyo zinachora duara lililobanwa kidogo. Yote hayo nayajua. Nisichokijua ni kimoja tu, ukubwa wa umbo. Kwa hivyo napima mara nyingi, miaka kadhaa, natoa mwendo ulionyooka, natoa ule upindaji wa Bradley, kinachobaki kikicheza kwa tarehe zake sawasawa ndiyo paralaksi. Kisichocheza kwa tarehe hizo nakitupa.

Cha pili ni kuondoka hewani. Hewa inazitikisa nyota, ule mmeto unaouona hasa huku pwani kukiwa na unyevu, na nyota inavimba mpaka upana wa sekunde moja au zaidi, sasa wewe unatafuta kitu kidogo mara mia ndani ya doa hilo. Shirika la anga la Ulaya likarusha setelaiti ya Hipparcos mwaka 1989, mota ya kuipandisha ikagoma ikabaki kwenye njia isiyo yake, lakini watu walipambana nayo mpaka 1993 na ikapima nyota kama 118,000 kwa usahihi wa karibu sehemu ya elfu ya sekunde. Baadaye ikaja Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ikawekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ikafanya kazi mpaka mwanzo wa 2025. Data yake iliyotoka 2022 ina paralaksi za nyota karibu bilioni 1.5, na kwa nyota zenye mwanga wa kutosha kosa lake ni kama sekunde 0.00002. Pembe hiyo ni upana wa sentimita 4 ukitazamwa kutoka duniani, na hicho kitu kiko mwezini.

Sasa ona akili waliyoitumia, nawe kwa kazi yako utaifurahia. Gaia haikuwa na darubini moja, ilikuwa na mbili, zimefungwa pamoja hazichezi, moja inatazama huku nyengine inatazama mbali kwa pembe ya digrii 106.5, na chombo kizima kinajizungusha taratibu, mzunguko mmoja kila masaa sita. Hipparcos nayo ilitazama pande mbili hivo hivo, ingawa kwa darubini moja yenye kioo cha kuunganisha, pembe yake digrii 58. Kwa nini? Ukilinganisha nyota na jirani zake wa karibu mbinguni, wote wanahama upande mmoja tarehe moja, ndiyo maana unapata tofauti tu. Lakini ukiilinganisha na nyota zilizo mbali kabisa upande mwengine wa mbingu, zile leo zinasukumwa vyengine na hii vyengine, hazikubaliani, na kwa kutokubaliana kwao ndipo paralaksi kamili inatoka, haihitaji kudhani nyota yoyote imesimama. Yaani hakuna bikoni hata moja, nyota zote bilioni zinafungiana zenyewe kwa zenyewe kwenye hesabu moja kubwa.

Na bado wakaikagua. Kuna vitu vinaitwa kwasari, ni vitovu vya galaksi za mbali mno, vinang'aa vikali kiasi kwamba Gaia iliviona zaidi ya milioni moja. Kwa umbali ule paralaksi yake inatakiwa iwe sifuri, hakuna chombo kingeiona. Gaia ikazipima, wastani ukatoka si sifuri, ukatoka sekunde 0.000017 chini ya sifuri. Paralaksi chini ya sifuri haipo duniani wala mbinguni, hilo ni kosa la chombo, basi kila anayetumia data ile analisahihisha kwanza. Kwangu mimi hapo ndipo ninapoiamini kazi hii, mtu anapima kitu ambacho jibu lake analijua ili ajue chombo chake kinadanganya kiasi gani, na akishajua anakitangaza.

Na ukaguzi huo si mapambo. Chukua Kilimia, nyota zetu ambazo wazee walipangia kilimo, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hipparcos ilisema Kilimia kiko kama parseki 118 hadi 120, miaka ya nuru 385 au 390 hivi. Njia nyengine zote zilikuwa zinasema zaidi ya parseki 130. Utasema asilimia kumi si kitu, lakini kama Hipparcos ilikuwa sawa basi nyota za Kilimia zilikuwa hafifu kuliko tunavyojua nyota changa zinavyowaka, yaani elimu yote ya nyota inang'aaje ilikuwa na ufa. Watu walibishana miaka. Mwaka 2014 ikapimwa kwa sahani za redio zilizounganishwa mabara mbali mbali, ikatoka parseki 136, alafu Gaia ikaja ikasema hapo hapo. Kwa hivyo Kilimia kiko miaka ya nuru kama 440 na ushei, na elimu ya nyota ikapumua.

Kuna jengine siwezi kuliacha kwa sababu niko Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapa Ngomeni, ilirushwa setelaiti ya kwanza kabisa ya kutafuta miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru. Moja ya vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ikaona miale yake inayumba haraka haraka, na hapo watu wakaanza kusema kwa dhati kwamba huko pana shimo jeusi. Lakini uzito wa shimo hauujui bila umbali. Mwaka 2011 paralaksi ya redio ikasema miaka ya nuru kama 6,000 na uzito wa majua 15 hivi. Mwaka 2021 wakarudia kwa uangalifu zaidi na sahani kumi za redio za Marekani, kutoka Hawaii mpaka visiwa vya Karibea, ikatoka miaka ya nuru 7,200, na uzito ukapanda mpaka majua 21. Shimo halikuongezeka hata gramu, ni laini tu ilipimwa vizuri zaidi.

Mbele zaidi ya hapo pembe inakwisha. Kosa likikaribia ukubwa wa paralaksi yenyewe usigawanye moja kwa namba hiyo, itakupa umbali wa uongo. Huko watu wanatumia nyota zinazopanda na kushuka mwanga kwa mpango, zile alizozichambua Henrietta Leavitt, lakini hata hizo zinaanza na nyota za karibu zilizopimwa kwa paralaksi. Iking'oka hii zote zinang'oka.

Sasa hilo la mwisho, kama wewe unaweza kupima. Nyota hapana, mwezi ndiyo, na tunaweza kufanya pamoja, wewe Lamu mimi Malindi. Kwa mstari ulionyooka tuko mbali kama kilomita 136. Tungoje mwezi wa tarehe sita au saba, ambao baada ya magharibi unakuwa juu sana, usiku ambao kuna Mushtari au nyota kali jirani yake, sayari iko mbali sana kuliko mwezi kwa hivyo kwa hesabu hii inatosha kuwa ndiyo mkoko wetu wa Manda. Tupige picha pamoja, kamera ya lenzi ndefu kama unaweza kuazima, ama simu kwenye darubini ya mkono. Mwezi utaonekana umehama kati ya picha yako na yangu kama sehemu moja ya 25 ya upana wake, kwa hivyo ukiwa na upana wa pikseli 250 tutafute pikseli 10. Upana upime kutoka ncha hadi ncha, usipime upande uliokatwa na giza. Kubwa kuliko yote ni saa: mwezi wenyewe unatembea kati ya nyota zaidi ya nusu sekunde ya pembe kila sekunde ya saa, na tunatafuta sekunde 70 na kitu tu, tukipishana dakika moja karibu nusu ya kipimo imekwenda. Simu zote mbili ziachwe zichukue saa kwenye mtandao, tupige kumi kumi mfululizo, tuchague zilizolingana. Alafu kilomita 136 zidisha 206,265 gawanya kwa sekunde tulizopata. Tukiangukia karibu na 384,000 tumepata mwezi, na hiyo 206,265 ni namba ile ile inayogeuza kilomita milioni 149.6 kuwa parseki moja. Nijulishe tu ni mwezi gani utakuwa na nafasi, na kama huko kwenu hakuna mawingu ya kusi.